Asilimia, kiasi sawa, posho au huduma? Namna ya kuchagua madai ya mshahara kwenye mkataba wa hali bora kiwandani

Tawi la chama cha wafanyakazi likikaa kuandaa mapendekezo ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, wanachama hugawanyika kambi nne, na kila kambi ina hoja. Kuna wanaotaka nyongeza ya asilimia kwenye mshahara wa msingi. Kuna wanaosema kila mtu aongezwe shilingi zilezile, awe mfungashaji au fundi mkuu. Wanaokaa mbali wanataka posho ya usafiri na ya nyumba. Na wenye watoto na wazee wa kuwatunza wanauliza bima ya afya, chakula cha kazini na msaada wa mazishi. Siku ya kupeleka mapendekezo kwa mwajiri inakaribia, kikao kinachoka, na mara nyingi linalopita ni la yule mwenye sauti kubwa.

Nimekaa upande wa wafanyakazi kwenye meza hizo, na ninaloamini ni hili: kabla ya kubishania kiasi, tukubaliane kwanza shilingi hiyo itaandikwa wapi kwenye slipu. Shilingi elfu thelathini iliyoingia kwenye mshahara wa msingi na ile iliyokaa pembeni kama posho zinaonekana sawa mwezi wa kwanza. Baada ya hapo kila moja inakwenda njia yake.

Ulinganisho huu ni wa viwanda vya Tanzania, vile vya saruji, nguo, vinywaji, plastiki, sabuni na vinginevyo, ambako wengi waliojiunga na chama wako TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, na sheria inayotuongoza ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Chini ya sheria hiyo, chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi la majadiliano, yaani wale ambao mkataba unajadiliwa kwa ajili yao, kina haki ya kutambuliwa kuwa msemaji pekee wa kundi hilo, na mkataba kinaousaini unawagusa hata wasio wanachama. Kwa hiyo timu ya majadiliano ikichagua, inachagua kwa niaba ya watu wote walio kwenye kundi hilo, hata yule asiyekuja kikaoni.

Kusubiri amri ya mishahara ya serikali pekee si mpango. Mwaka 2013 kima cha chini cha viwanda na biashara kiliwekwa shilingi 115,000 kwa mwezi. Kilichofuata kilikuwa cha amri ya 2022, kilichoanza Januari 2023, nacho kilikuwa 150,000. Hapo katikati ni zaidi ya miaka tisa. Aliyefanya kazi kwenye kiwanda kisicho na mkataba wa hali bora alipita miaka hiyo yote akitegemea huruma ya mwajiri.

Vigezo vya kupimia

Nitapima kila njia kwa mambo manne yaleyale.

La kwanza ni mgao: nani anapata kingi na nani kidogo.

La pili ni mahesabu mengine, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kuona. Sheria inautafsiri mshahara wa msingi kuwa malipo ya saa za kawaida za kazi, bila posho, bila ovataimu, bila nyongeza ya usiku wala ya sikukuu. Kisha inautumia msingi huo kukokotoa karibu kila kitu: ovataimu ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, kazi ya siku ya mapumziko ya wiki na ya sikukuu ni mara mbili, kazi ya usiku ni nyongeza ya 5%, na kiinua mgongo ajira inapovunjwa ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kisichoingia kwenye msingi hakiguswi na hesabu hizo.

La tatu ni kudumu kwa thamani: bei zikipanda na mkataba ukiwa wa miaka miwili, nyongeza inabaki na nguvu gani?

La nne ni ulinzi. Ni rahisi kiasi gani kuipata mezani, na mwajiri akikiuka, mfanyakazi wa kawaida ataona?

Kiwanda cha mfano

Ili hesabu zisielee, tuchukue kiwanda chenye watu 150 kwenye kundi la majadiliano: wafungashaji 100, opareta wa mashine 40 na mafundi wakuu 10. Mishahara yao ya msingi kwa mwezi inafika jumla ya shilingi 49,800,000. Nyongeza ya 10% ingemgharimu mwajiri 4,980,000 kwa mwezi. Pesa hiyohiyo ikigawanywa sawa kwa watu 150, kila mmoja anapata 33,200.

| | Wafungashaji (100) | Opareta (40) | Mafundi wakuu (10) |
|---|---|---|---|
| Msingi wa sasa | 240,000 | 420,000 | 900,000 |
| Nyongeza ya 10% | 24,000 | 42,000 | 90,000 |
| Kiasi sawa | 33,200 | 33,200 | 33,200 |
| Kiasi sawa kwa asilimia | 13.8% | 7.9% | 3.7% |

Kwenye karatasi ya mwajiri, mstari wa pili na wa tatu ni gharama ileile. Kwenye nyumba za wafanyakazi ni habari mbili tofauti.

Njia ya kwanza: asilimia kwenye mshahara wa msingi

*Mgao.* Asilimia humpa kingi zaidi aliye na kingi. Kwenye mfano wetu mafundi wakuu kumi wanachukua 900,000 kati ya 4,980,000, yaani 18% ya nyongeza yote, ilhali hawafiki 7% ya watu. Wapo wanaoona hilo ni dhuluma. Sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu fundi aliyesoma miaka na kushika mashine ya hatari ana haki ya kuona ujuzi wake ukithaminiwa. Lakini mfungashaji anayepata 24,000 naye ananunua unga kwa bei ileile anayonunua fundi.

*Mahesabu mengine.* Hapa asilimia haina mpinzani. Inaingia yote kwenye msingi, kwa hiyo ovataimu, sikukuu, zamu ya usiku na kiinua mgongo vyote vinapanda nayo bila kuandika kifungu kingine.

*Kudumu kwa thamani.* Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiweka kando ya mfumuko wa bei na kuona mara moja kama umepanda au umeshuka. Mwaka 2024 mfumuko wa bei nchini ulikuwa wastani wa 3.1%, na timu inayopewa 3% kwa mkataba wa miaka miwili inapaswa kujua kwamba imepewa pungufu. Ila kikapu cha takwimu za taifa, yaani bidhaa zinazopimiwa mfumuko wa bei, si kikapu cha mfungashaji. Kwake unga, mchele, mkaa, nauli na kodi ya chumba vinakula sehemu kubwa zaidi ya mshahara, na vikipanda, wastani wa nchi hauoneshi maumivu yake. Jambo jingine: raundi tatu za 10% zinamfikisha mfungashaji 319,440 na fundi mkuu 1,197,900. Pengo lililokuwa 660,000 limekuwa 878,460, japo uwiano haujabadilika.

*Ulinzi.* Mwajiri anaielewa lugha ya asilimia kwa sababu bajeti yake imeandikwa hivyo. Mitego iko kwenye maneno. Asilimia ya nini? Ya mshahara wa kila mtu alionao, au ya kima cha chini cha ngazi yake? Na kuanzia lini? Kisheria mkataba huanza kubana siku saini ya mwisho inapowekwa, isipokuwa wenyewe useme vingine. Majadiliano yakianza Januari na kusainiwa Septemba bila tarehe ya kuanza kutumika, miezi minane ya malimbikizo imeyeyuka.

*Inawafaa* wafanyakazi ambao mishahara yao haitofautiani sana, viwanda vyenye ovataimu nyingi, na mahali ambapo mafundi wameanza kuhama.

Njia ya pili: kiasi sawa kwa kila mtu

*Mgao.* Mfungashaji anaruka kutoka 24,000 hadi 33,200, opareta anashuka kutoka 42,000, na fundi mkuu anaporomoka kutoka 90,000. Watu mia moja wanafurahi, hamsini wananung'unika. Kwa kura za mkutano hilo ni jambo jepesi. Kwa maisha ya kiwanda si jepesi hata kidogo, na nitalirudia hapa chini.

*Mahesabu mengine.* Kikiingia kwenye mshahara wa msingi, kinafanya kazi sawasawa na asilimia. Tatizo ni kwamba kiasi kilichotajwa kwa shilingi ni rahisi kwa mwajiri kukihamisha: anakikubali, kisha rasimu inarudi imeandikwa "posho maalum" au malipo ya mara moja ya kusaini mkataba. Sentensi ya kudai ni fupi: "kitaongezwa kwenye mshahara wa msingi wa kila mfanyakazi." Bila sentensi hiyo msisaini.

*Kudumu kwa thamani.* Kwa wa chini, nyongeza ya kiasi sawa inapambana na bei vizuri kuliko njia nyingine yoyote kwa gharama ileile. Kwa wa juu, 3.7% ya fundi mkuu imepita kidogo tu mfumuko wa bei wa mwaka mmoja, na kwa mkataba wa miaka miwili imeshindwa. Ikirudiwa raundi tatu, mfungashaji anafika 339,600 na fundi mkuu 999,600. Zamani fundi alikuwa analipwa mara 3.75 ya mfungashaji, sasa ni chini kidogo ya mara tatu. Kila chama kinaamua chenyewe kama hilo ni haki iliyochelewa au ni kuua ngazi za ujuzi. Ninachojua ni kwamba fundi umeme anayeijua laini ya uzalishaji kwa miaka akichukuliwa na kiwanda jirani, mashine inasimama, na mashine ikisimama ovataimu ya mfungashaji nayo inasimama.

*Ulinzi.* Hakuna nyongeza iliyo rahisi kukagua kama hii. Kila mtu anajua anachotarajia kwenye slipu, na asiyekiona anapiga kelele siku hiyohiyo. Pia inaunganisha watu wa chini, ambao ndio wengi kwenye chama.

*Inawafaa* wafanyakazi waliobanwa chini kabisa ya ngazi, hasa pale wengi wanapolipwa karibu na kima cha chini cha kisheria, na viwanda ambavyo mafundi wake wana ngazi zao za kupanda daraja zinazofanya kazi kweli.

Njia ya tatu: posho

*Mgao.* Posho inaweza kulenga. Anayeingia zamu ya usiku, anayeshughulika na kemikali au tanuri, anayepanga chumba mbali, kila mmoja anaweza kupewa cha hali yake. Asilimia na kiasi sawa haziwezi kufanya hivyo. Posho ya nyumba inayotolewa kwa wote kwa kiwango kimoja, kwa upande mwingine, ni kiasi sawa kilichobadilishwa jina, na kimepoteza nguvu zake njiani.

*Mahesabu mengine.* Tupime hizo nguvu. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa takriban saa 195 kupata mshahara wa saa, yaani wiki 4.333 mara saa 45. Shilingi 33,200 zikiingia kwenye msingi wa mfungashaji, kila saa ya ovataimu inapanda kwa shilingi 255. Akifika ukomo wa kisheria wa saa 50 katika wiki nne, hizo ni takriban 12,770 za ziada. Akiachishwa baada ya miaka kumi kwa sababu inayompa haki ya kiinua mgongo, ile 33,200 pekee inamwongezea kama 89,400. Zikiwa posho, vyote viwili ni sifuri. Na asilimia ya mwaka unaofuata itakokotolewa kwenye 240,000, si kwenye 273,200.

Lakini tuwe wa haki kwa posho. Kwa kuwa haimpandishii mwajiri ovataimu, huwa tayari kutoa zaidi. Tuseme amekataa 33,200 kwenye msingi ila anakubali 45,000 kama posho. Tofauti ni 11,800 kwa mwezi. Mfungashaji anayefanya chini ya saa 46 za ovataimu katika wiki nne anapeleka nyumbani zaidi kwa posho hiyo kuliko kwa nyongeza ya msingi. Kiwanda ambacho ovataimu imekauka kina sababu ya kweli ya kuifikiria.

Kodi pia iingie kwenye hesabu. Posho ya fedha kwa kawaida ni sehemu ya kipato cha ajira, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 sehemu ya kipato inayozidi 270,000 kwa mwezi inakatwa 8% mpaka 520,000, kisha 20% kwa sehemu inayofuata. Mfungashaji wetu hafiki huko kwa mshahara wa msingi wa 240,000 peke yake, ila posho na ovataimu vikijumlishwa anaweza kufika. Opareta anafika. Ulizeni pia idara ya mishahara kama mchango wa hifadhi ya jamii unakokotolewa kwenye msingi tu au kwenye jumla ya malipo, kwa sababu jibu lake linagusa pensheni.

*Kudumu kwa thamani.* Posho iliyoandikwa kwa shilingi hufa polepole, na mfano mzuri ni nauli ya daladala ya Dar es Salaam. Safari isiyozidi kilomita 10 ilikuwa 400. Mei 2022 LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, ikaipandisha hadi 500, na Desemba 2023 hadi 600. Mfanyakazi wa daladala moja kwenda na moja kurudi kwa siku 26 alikuwa anatumia 20,800 kwa mwezi, ikawa 26,000, ikawa 31,200. Aliyesaini mkataba mwanzoni mwa 2022 akiwa na posho ya usafiri ya 21,000 alikuwa amefunikwa vizuri. Kabla ya miaka miwili kwisha alikuwa anaongeza elfu kumi na zaidi kutoka mfukoni.

Dawa ipo, na ni ya bure: msiandike shilingi, andikeni kanuni. "Posho ya usafiri itakuwa sawa na nauli nne kwa siku ya kazi kwa viwango vya LATRA vinavyotumika" kwa wanaopanda magari mawili, au nauli mbili kwa wanaopanda moja. Posho ya namna hiyo hupanda yenyewe na inaweza kuishinda asilimia yoyote mtakayopewa mezani. Kwa posho ya nyumba, iandikwe kama asilimia ya mshahara wa msingi ili isibaki nyuma.

*Ulinzi.* Inapatikana kwa urahisi na inaondoka kwa urahisi. Swali ambalo rasimu nyingi hazijibu: mfanyakazi akiwa likizo ya mwaka, au akiugua, posho inaendelea? Ya nyumba ni lazima iendelee, kwa sababu mwenye nyumba hajui kama mpangaji wake amelazwa.

*Inawafaa* viwanda vya nje ya mji visivyo na basi la wafanyakazi, vitengo vyenye mazingira magumu, na matawi yaliyokutana na mwajiri aliyefunga mlango wa msingi ila ana pesa.

Njia ya nne: huduma na mafao

*Mgao.* Bima ya afya inayomgharamia mfanyakazi, mwenza na watoto ina thamani ileile kwa mfungashaji na kwa fundi mkuu, kwa hiyo ukiipima dhidi ya mshahara, wa chini ndiye anayenufaika zaidi. Chakula cha kantini vilevile. Asiyeona faida ni kijana asiye na familia, ambaye kwake bima ya wategemezi ni habari za watu wengine. Naye ana kura, asisahauliwe.

*Mahesabu mengine.* Haiingii kwenye msingi, ila kwenye kodi ina nafuu ambayo posho haina. Sheria ya kodi ya mapato haihesabu kama kipato cha mfanyakazi chakula kinachotolewa kwenye kantini ya kazini bila ubaguzi, wala matibabu au bima ya matibabu ya mfanyakazi, mwenza na watoto wasiozidi wanne, mradi inatolewa kwa wote bila ubaguzi. Shilingi ya chakula inamfikia opareta nzima. Shilingi ya posho ya chakula inamfikia imekatwa.

Kuna mafao ambayo matawi mengi huyasahau kwa kuwa hayaonekani kama pesa: kuboresha viwango vya sheria yenyewe. Chukua kazi ya usiku, ambayo kisheria ni kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Nyongeza ya 5% kwa mfungashaji wa 240,000 anayekesha saa nane ni takriban shilingi 490 kwa usiku mmoja. Haifiki hata nauli ya kurudi nyumbani. Mkataba unaweza kuipandisha hadi 15% na ikawa karibu 1,480, na kwa kuwa ni wa zamu ya usiku tu, gharama yake kwa mwajiri ni ndogo kuliko nyongeza ya wote. Kiinua mgongo nacho: siku 7 kwa mwaka na ukomo wa miaka 10 ni kiwango cha chini, hakuna kinachozuia kukubaliana siku 14 na kuondoa ukomo. Kwa mtu aliyetumikia kiwanda miaka ishirini, ukomo ule ni nusu ya maisha yake ya kazi isiyohesabiwa.

*Kudumu kwa thamani.* Bei ya mchele ikipanda, anayeibeba ni mwajiri. Sahani inabaki sahani. Kinachoshuka ni ubora: nyama inakuwa mara moja kwa wiki, kisha haiji. Bima nayo inaweza kushushwa daraja kimyakimya, na siku mgonjwa anafika kaunta ndipo anaambiwa hospitali hiyo haimo.

*Ulinzi.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Ukiukwaji wake hauonekani kwenye slipu. Unadai maneno mengi kuliko njia nyingine zote: chakula gani, saa ngapi, zamu ya usiku inakula nini, wategemezi wangapi, hospitali zipi, nani analipa mchango ukipanda, na mwajiri akichelewesha malipo ya bima gharama za mgonjwa zinabebwa na nani. Kwenye msaada wa mazishi, andikeni wazi nani ni mtegemezi, na kama msaada ni jeneza na usafiri wa maiti hadi nyumbani au ni fedha taslimu. Familia iliyofiwa haipaswi kubishana na ofisi. Kwenye bima zingatieni pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, ili msije mkauza madai mengine kwa kitu ambacho sheria inamtaka mwajiri akichangie.

Ninalipa uzito hilo la mwisho kwa sababu rasimu za waajiri hujazwa "mafao" ambayo ni haki tayari. Likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84, vifaa kinga vinavyodaiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaolipwa na mwajiri peke yake: hivi vinaweza kurudiwa kwenye mkataba kwa uwazi, lakini visihesabiwe kama mwajiri ametoa kitu.

*Inawafaa* wafanyakazi wengi wenye familia, viwanda vilivyo mbali na mama lishe na zahanati, na matawi yenye kamati hai inayoweza kukagua jiko na orodha ya hospitali kila mwezi.

Kuchanganya

Si lazima muoe njia moja. Kifungu ninachokipenda ni cha "asilimia au kiasi fulani, kipi kikubwa". Kwenye kiwanda chetu, 7% au 30,000, kipi kikubwa, kinampa mfungashaji 30,000, opareta 30,000 na fundi mkuu 63,000. Jumla ni 4,830,000, pungufu kidogo ya ile 10%. Wa chini amepata 12.5%, fundi hajadharauliwa, na mwajiri ametumia chini ya alichokuwa tayari kutumia. Opareta ndiye aliyebanwa katikati, na kwake ndiko muelekeze nyongeza ya usiku au kupanda daraja. Kwenye mkataba wa miaka miwili ongezeni kifungu cha kufungua upya suala la mishahara mwaka wa pili, na kingine kinachosema kwamba nyongeza ya mkataba haitamezwa na amri mpya ya kima cha chini.

Mkiwa kwenye hali hii

Kama wengi wenu mnalipwa karibu na kima cha chini, anzeni na kiasi sawa ndani ya mshahara wa msingi, au asilimia yenye kiwango cha chini cha shilingi. Angalieni kwanza amri ya mishahara inayotumika sasa, msije mkashangilia mezani kitu ambacho sheria imeshakitoa.

Kama kiwanda kinakimbia zamu tatu na ovataimu haikauki, teteeni msingi hata kwa kiasi kidogo, na mpandishe ile 5% ya usiku. Kwenu posho ni ghali kuliko inavyoonekana.

Kama oda zimepungua, ovataimu hakuna na kuna minong'ono ya kupunguza watu, posho kubwa ya leo inaweza kusaidia kaya, lakini wenye miaka mingi kazini wanahitaji zaidi kifungu cha kiinua mgongo. Hesabuni mtu kwa mtu: nani ana miaka mingapi, na siku 14 badala ya 7 zinamletea nini.

Kama mafundi wanaondoka, asilimia. Au kiasi sawa kwa wote pamoja na ngazi za kupanda daraja zenye vigezo vilivyoandikwa na tarehe.

Kama mwajiri anasema hana pesa, msikisie. Chama kilichotambuliwa kina haki kisheria ya kupewa taarifa zinazohitajika kwa majadiliano. Ombeni kwa barua idadi ya watu kwa kila ngazi, jumla ya mishahara ya msingi, na saa za ovataimu za miezi kumi na miwili iliyopita. Bila takwimu hizo tatu hakuna njia hata moja kati ya hizi nne mnayoweza kuipima. Mkikwama kabisa, mgogoro unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako usuluhishi una siku 30, na huko pia mwenye hesabu ndiye anayesikilizwa.

Na kama nusu ya watu walio kwenye sakafu ya uzalishaji ni vibarua au wameletwa na wakala, na hawamo kwenye kundi lenu la majadiliano, chochote mtakachosaini hakiwafikii. Hapo, kabla ya asilimia wala posho, dai la kwanza mezani liwe kifungu kinachosema baada ya miezi mingapi ya kazi isiyokatika kibarua anaingizwa kwenye ajira ya kudumu na kwenye kundi la majadiliano.